Robert Koch: Tuzo Moja, Hesabu Nzima

Tarehe 24 Machi kila mwaka ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Wengi wetu tunaliona bango, tunapita, tunawahi kipindi. Lakini tarehe hiyo haikuokotwa barabarani. Inatokana na kazi ya mtu mmoja, Robert Koch, ambaye maisha yake yana somo kwetu sisi tunaohangaikia GPA, vyeti na tuzo za mwisho wa mwaka.

Koch alizaliwa 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa migodi nchini Ujerumani, katika familia ya watoto 13. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Göttingen, akamaliza 1866. Baadaye akawa daktari wa wilaya Wollstein, mji mdogo mbali kabisa na vyuo vikubwa. Kazini anatibu wagonjwa, akirudi nyumbani anajifungia na hadubini yake. Katika maabara hiyo ya nyumbani alifuatilia ugonjwa wa kimeta, na mwaka 1876 akaonyesha jinsi bakteria wake wanavyoishi na kusababisha ugonjwa. Hapo ndipo wakubwa walipoanza kumsikia. Mwaka 1880 akaitwa Berlin.

Zama hizo kifua kikuu kilikuwa balaa. Kwa hesabu za wakati huo, kati ya vifo saba, kimoja kilikuwa cha ugonjwa huo. Madaktari wengi waliamini ni ugonjwa wa kurithi, wa ukoo fulani tu. Koch akachukua njia ndefu. Kwanza aliwatia rangi vimelea hadi wakaonekana. Kisha akawaotesha nje ya mwili na kusubiri wiki kadhaa, maana wanakua polepole mno. Mwisho akawaingiza kwa wanyama wa maabara, nao wakaugua vilevile. Jioni ya 24 Machi 1882 akaeleza yote mbele ya wanasayansi wenzake Berlin, akiwa amebeba hadubini na sampuli zaidi ya 200. Hakuwa msemaji hodari, jamani. Lakini alipomaliza, hakuna aliyekuwa na la kupinga.

Kazi hiyo ndiyo iliyompa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1905. Kwenye vitabu vingi vya shule habari inaishia hapo: alizaliwa, akagundua, akatuzwa. Mwanafunzi anakariri, anajibu mtihani, anasahau.

Sasa tuangalie yaliyobaki nje ya tuzo. Maabara ya Koch ilihitaji kitu kigumu cha kuoteshea bakteria, kisichoyeyuka kwenye joto. Aliyetoa jibu mwaka 1881 ni Fanny Hesse, mke wa daktari aliyefanya kazi hapo, ambaye alikuwa akitumia aga jikoni kwake. Maabara za dunia nzima zinaitumia mpaka leo. Koch aliitaja aga kwenye andiko lake la 1882, ila hakusema imetoka kwa nani.

Halafu likaja la 1890. Koch alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, na akaficha imetengenezwa na nini. Wagonjwa wakafurika Berlin kutoka kila upande. Dawa haikuponya, na baadhi yao walikufa. Ilipojulikana kwamba ni maji yaliyotolewa kwenye vimelea wenyewe, sifa yake ilitikisika vibaya. Hata hivyo tuberkulini haikutupwa. Baadaye ikawa kipimo cha ngozi cha kumtambua aliyeambukizwa. Yaani alichokiita tiba kikaja kufaa kama kipimo.

Na huku kwetu je? Koch alifika Afrika Mashariki zaidi ya mara moja enzi za ukoloni wa Wajerumani. Mwaka 1906 hadi 1907, tuzo ikiwa tayari mkononi, aliweka kambi visiwa vya Sese, Ziwa Victoria upande wa Uganda, akitafuta tiba ya malale. Aliwapa wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Dalili zilipungua kwa muda, akaongeza dozi, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka moja kwa moja. Hao hawakuwa na pa kulalamika. Majina yao hayapo kwenye nishani yoyote.

Koch alifariki 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden. Je, alistahili tuzo ile? Kwa maoni yangu, ndiyo. Bila kazi ya 1882, mtu anayekohoa wiki mbili asingeambiwa leo apeleke makohozi yakapimwe, angeambiwa ni mkosi wa ukoo wao. Ila tuzo hutolewa kwa kazi moja. Haimfanyi mwenye nayo kuwa sahihi katika kila kitu atakachofanya kesho yake, na haiwataji wote waliosaidia au walioumia.

Wenzangu wa elimu, mwaka kesho baadhi yetu tutasimama mbele ya kidato cha tatu na somo la bakteria. Tukimtaja Koch, tumtaje na Fanny Hesse, na tuitaje Sese. Mwanafunzi akimjua Koch mzima ataelewa kwa nini daktari mwenye jina kubwa naye anatakiwa aonyeshe ushahidi, na kwa nini mgonjwa ana haki ya kuuliza anachomwa sindano ya nini.