Aliuzwa Dola 1,665 Kama Ng'ombe, Kisha Akawa Meya: Stori ya Pierre Caliste Landry

Cheki hii hesabu kwanza. Tarehe 16 Mei 1854, kijana wa miaka 13 anapigwa mnada huko Louisiana, Marekani. Bei yake dola 1,665. Rudi mwaka 1868, miaka 14 baadaye tu, uulize meya wa Donaldsonville ni nani. Utaambiwa ni yeye.

Anaitwa Pierre Caliste Landry. Anahesabiwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa meya Marekani nzima, na najua kuna uwezekano mkubwa hujawahi kuskia jina lake. Wacha nikupee rada.

Landry alizaliwa 19 Aprili 1841 kwenye shamba la miwa parokia ya Ascension. (Louisiana wanagawa jimbo lao kwa parokia, kwa hivyo usidhani naongelea mambo ya kanisa. Kanisa inakuja mbele.) Mathake, Marcelite, alikuwa mtumwa. Budake, Roseman Landry, alikuwa mzungu aliyefanya kazi hapo hapo shambani. Sasa kama unafikiria kuwa na buda mzungu kulimsaidia, pole. Sheria ilisema mtoto anafuata hali ya mamake. Mama mtumwa, mtoto mtumwa, stori imeisha.

Lakini maisha yake ya utotoni yalikuwa na kaubahati. Alilelewa na mabwana na bibi fulani weusi waliokuwa huru, na akafunzwa kusoma. Elewa vile hiyo ilikuwa kitu kubwa. Louisiana ya wakati huo ilikuwa na sheria ya kumfunga jela mtu aliyepatikana akifunza watumwa kusoma. Na mwenye shamba alikuwa ameacha wosia kwamba huyu kijana akombolewe. Yaani mzee akishaenda, Landry anatoka akiwa mtu huru, karatasi mkononi.

Mzee akaenda. Wosia ukawekwa kando. Kijana akapelekwa mnada.

Hapo ndipo mimi hukwama kila nikisoma hii stori. Si ati hakukuwa na sheria. Ilikuwepo, imeandikwa, na wenye walipaswa kuifuata waliona mtoto wa miaka 13 ana thamani ya doh nyingi kuliko neno la marehemu. Sasa mtu kama huyo akikua akaamua kuwa wakili, utashangaa?

Aliyemnunua ni familia ya Bringier, masonko wa sukari wenye mashamba makubwa kando ya mto Mississippi. Shamba la miwa lilikuwa noma. Msimu wa kusaga ukianza Oktoba, watu walipiga kazi usiku na mchana bila kupumzika kwa sababu miwa ikishakatwa haingoji, inaharibika. Landry hakuishia kwenye panga. Alipelekwa nyumba kubwa, akaanza kama mtumishi, na kwa sababu alijua kusoma na hesabu akapandishwa hadi akawa msimamizi wa shughuli za uani. Mpaka duka la hapo shambani aliendesha. Fikiria hiyo mambo: unajua kuhesabu faida ya kila senti, na wewe mwenyewe uko kwenye orodha ya mali ya mdosi, karibu na farasi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza 1861. Agosti 1862 meli za kivita za serikali ya Kaskazini zikaipiga Donaldsonville mizinga. Halafu 1 Januari 1863, rais Abraham Lincoln akatoa lile tangazo lake maarufu la kuwaachilia watumwa. Wengi hudhani siku hiyo kila mtumwa alikuwa huru. Manze, hapana. Tangazo lilihusu sehemu zilizokuwa bado mikononi mwa waasi. Parokia za Louisiana ambazo jeshi la Lincoln lilikuwa tayari limezishika ziliachwa nje, na zilitajwa moja moja kwa majina. Ascension ilikuwa kwenye hiyo listi. Kwa mara ya pili, uhuru wa Landry ukaandikwa kwenye karatasi ukampita. Ilibidi angoje katiba mpya ya Louisiana ya 1864 ndio utumwa uishe kwao kisheria.

Alipotoka hakukaa akilia. Mwaka 1866 alihamia Donaldsonville, mji mdogo wa mtoni kati ya New Orleans na Baton Rouge. Akafungua duka, akajenga keja yake, na akasaidia kuanzisha shule za watoto weusi. Akasomea sheria mpaka akawa wakili.

Mwaka 1867 bunge la Marekani likalazimisha majimbo yaliyoasi yawape wanaume weusi kura. Kwenye parokia za miwa weusi ndio walikuwa wengi, kwa hivyo hesabu ilibadilika ghafla. Watu waliokuwa wanahesabiwa na ng'ombe sasa walikuwa wanahesabiwa kwenye debe. Mwaka uliofuata Landry akawa meya kwa muhula wa mwaka mmoja. Kumbuka lile rekebisho la 15 la katiba, lenye lilikataza kunyimwa kura kwa sababu ya rangi nchi nzima, lilipitishwa 1870. Huyu msee alikuwa ashakalia kiti na kutoka.

Baadaye alishika vyeo mpaka unachoka kuhesabu: hakimu, mkusanya ushuru, msimamizi wa shule, posta. 1872 akaingia bunge la jimbo, kisha Seneti ya Louisiana kutoka 1874 hadi 1880. Akiwa bungeni alisukuma mswada wa kuipa New Orleans University hati yake, chuo cha vijana weusi. Chuo hicho baadaye kiliungana na kingine kikawa Dillard University, na mpaka wa leo kiko hapo New Orleans kinafunza watu.

Usidhani ilikuwa siasa ya kupigiwa makofi. Jumapili ya Pasaka 1873, kwenye mji wa Colfax huko huko Louisiana, genge la wazungu wenye silaha liliua makumi ya wanaume weusi waliokuwa wakilinda korti baada ya uchaguzi wenye utata. Wachache walioshtakiwa wakaachiliwa na mahakama kuu ya Marekani 1876. Septemba 1874, mwaka ule Landry alikuwa anaingia Seneti, wapiganaji wa kikundi cha White League waliteka New Orleans na kuipindua serikali ya jimbo kwa siku tatu, mpaka rais Grant akatuma wanajeshi. Mseneta mweusi alienda kazini akijua hiyo ndiyo hali mtaani.

1877 wanajeshi wakaondolewa, na walinzi wa kura za weusi wakaenda nao. Landry alikomaa kidogo, hata alikuwa mjumbe kwenye kikao cha katiba cha 1879, lakini mlango ulikuwa unafungwa polepole. Nguvu zake akazipeleka kanisa la Methodisti, mahali ambapo alikuwa tayari mhubiri. Akawa mzee wa kusimamia makanisa mengi, na kuanzia 1900 akaongoza shule ya Gilbert Academy kwa miaka kama mitano. Nyumbani napo hakukuwa na ukimya: na mkewe wa kwanza, Amanda, walipata watoto 12, na baada ya Amanda kufariki akaoa Florence, wakaongeza wawili.

Mlango ulifungwa kabisa 1898. Katiba mpya ya Louisiana ilisema ukitaka kupiga kura lazima uthibitishe unajua kusoma au una mali, isipokuwa kama buda au babu yako alikuwa na haki ya kupiga kura kabla ya 1867. Soma hiyo tarehe tena. Wazungu wakapita, weusi wakabaki nje. Wapiga kura weusi walioandikishwa Louisiana walikuwa zaidi ya 130,000 mwaka 1896. Kufika 1900 walikuwa wamebaki karibu 5,000. Landry alikuwa hai, akiangalia haya yote.

Alifariki New Orleans tarehe 22 Desemba 1921, akiwa na miaka 80. Mji huo aliofia haukupata meya mweusi mpaka 1978, miaka 110 baada ya ka-Donaldsonville. Jina lake Ernest Morial. Naye pia alikuwa wakili.