Walter Tull: Kiungo aliyevunja miiko ya rangi uwanjani na vitani

KWA zaidi ya miaka 70 baada ya kifo chake, jina la Walter Tull halikusikika midomoni mwa mashabiki wa soka. Ilhali kiungo huyo wa zamani wa Tottenham Hotspur na Northampton Town alikuwa miongoni mwa wachezaji weusi wa kwanza kusakata kabumbu katika ligi ya juu zaidi ya Uingereza. Aidha, alikuwa miongoni mwa weusi wa kwanza kupewa cheo cha afisa katika jeshi la nchi hiyo.

Mara mbili maishani mwake alizuiwa njia kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye soka, na ikamgharimu nafasi katika klabu kubwa. Mara ya pili ilikuwa jeshini, ambako kizuizi chenyewe kilikuwa kimeandikwa katika kanuni. Hicho alikivuka.

Mtoto wa seremala

Tull alizaliwa Aprili 28, 1888 mjini Folkestone katika jimbo la Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Babake, Daniel, alikuwa seremala kutoka kisiwa cha Barbados katika eneo la Karibea, ambako kizazi kilichomtangulia kilikuwa kimeishi utumwani. Mamake, Alice, alikuwa mzungu mwenyeji wa Kent.

Alice alifariki mnamo 1895, Walter akiwa na umri wa miaka saba. Daniel alimwoa Clara, binamu ya marehemu, lakini miaka miwili baadaye naye akaaga dunia kutokana na maradhi ya moyo. Mjane huyo hakuweza kuwalisha watoto wote aliobaki nao. Mnamo 1898, Walter na kakake Edward walipelekwa katika makao ya mayatima yaliyosimamiwa na Kanisa la Methodisti mtaani Bethnal Green, mashariki mwa London.

Ndugu hao walitenganishwa baada ya muda. Edward alichukuliwa na familia moja ya Glasgow, Scotland, akasomeshwa na hatimaye kuwa daktari wa meno. Walter alibaki katika makao hayo, akafundishwa kazi ya uchapishaji na kuichezea timu ya soka ya hapo.

Mnamo 1908 alijiunga na Clapton, klabu ya wachezaji wa ridhaa jijini London. Msimu wake wa kwanza ulikuwa wa fanaka tele. Clapton ilitwaa Kombe la FA la timu za ridhaa pamoja na mataji mengine mawili ya London, na maskauti wa klabu kubwa wakaanza kumfuata kijana huyo.

Matusi ya Bristol

Tottenham, waliokuwa wamepanda ngazi na kuingia Divisheni ya Kwanza mwaka huo wa 1909, walimwalika katika ziara yao ya Argentina na Uruguay. Aliporejea alitia saini mkataba wa kucheza soka ya kulipwa na kupewa pauni 10, kiwango cha juu zaidi kilichoruhusiwa kwa mchezaji anayeanza. Mshahara wenyewe haungeweza kupita pauni 4 kwa wiki, hata kwa nyota aliyesifika vipi.

Tull alianza ligi mnamo Septemba 1909 dhidi ya Sunderland, akicheza nyuma kidogo ya mshambulizi wa kati. Siku chache baadaye alicheza mbele ya mashabiki wa nyumbani dhidi ya Manchester United, waliokuwa mabingwa wa Kombe la FA. Magazeti yalimsifu kwa utulivu wake na kwa pasi zake zilizopimwa vyema.

Mambo yaligeuka mwezi uliofuata Tottenham ilipozuru Bristol City. Sehemu ya mashabiki wa wenyeji ilimtupia Tull matusi mazito ya ubaguzi wa rangi. Mwandishi mmoja wa michezo aliyekuwa uwanjani alikerwa mno, akayakemea matusi hayo gazetini na kusema kwamba kwa kipaji Tull alikuwa mshambulizi bora kuliko wote waliocheza siku hiyo.

Muda mfupi baadaye, Tull aliondolewa katika kikosi cha kwanza na kupelekwa timu ya akiba. Wapo wanahistoria wanaoamini kwamba klabu iliogopa kelele za mashabiki, na wapo wanaotaja kwamba hakuwa mwepesi wa mbio. Lililo wazi ni kwamba mchezaji aliyemiminiwa sifa mnamo Septemba alisahauliwa kabla ya msimu kufika nusu. Aliondoka Tottenham akiwa amecheza mechi 10 pekee za ligi na kufunga mabao mawili.

Nguzo ya Northampton

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mnamo Oktoba 1911, Herbert Chapman, aliyekuwa akiinoa Northampton Town katika Ligi ya Kusini, alimsajili Tull. Chapman ndiye kocha ambaye baadaye aliziongoza Huddersfield Town na Arsenal kutwaa ubingwa wa Uingereza.

Huko ndiko Tull alikopata nafasi iliyomfaa. Enzi hizo timu zilipangwa kwa walinzi wawili, viungo watatu na washambulizi watano. Tull alirudishwa kwenye safu ya viungo, akawa kiungo wa pembeni. Kazi hiyo ilihitaji mtu wa kupokonya mpira, kuinua kichwa na kuupeleka kwa mwenzake aliye huru. Wepesi wa miguu haukuwa na uzito sana hapo kuliko wepesi wa kufikiri, na hilo Tull alilijaliwa.

Chapman aliondoka mnamo 1912 lakini Tull akasalia kuwa nguzo. Kufikia wakati vita vilipokatiza maisha yake ya soka, alikuwa ameichezea Northampton zaidi ya mechi 100, ikiwa ni mara kumi ya zile alizopewa na Tottenham.

Afisa aliyekatazwa na kanuni

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mnamo 1914, Tull alikuwa mchezaji wa kwanza wa Northampton kujiunga na jeshi. Aliingia Desemba mwaka huo katika kikosi cha wanasoka cha Middlesex na kupelekwa Ufaransa mwishoni mwa 1915. Alipanda cheo hadi sajini. Mnamo Mei 1916 alirudishwa nyumbani akiwa ameathirika akili kwa vishindo vya mizinga, lakini alipopata nafuu alirejea na kushiriki vita vya Somme.

Wakuu wake walimpendekeza kwa mafunzo ya uafisa. Kanuni za jeshi la Uingereza za 1914 hazikuruhusu mtu mweusi kuwaamrisha askari akiwa afisa. Huku Afrika Mashariki, katika vita vivyo hivyo, maelfu ya Waafrika walipigana katika KAR chini ya maafisa wazungu, na wengine wengi zaidi wakabebeshwa mizigo katika Kariakoo ya jeshi. Licha ya hayo yote, Mei 30, 1917 Tull alifanywa luteni-usu.

Alipelekwa Italia. Mnamo Januari 1918 aliwaongoza askari 26 kuvuka mto Piave usiku na kuwavamia adui, kisha akawarejesha wote wakiwa salama. Jenerali wake alimtaja rasmi kwa ushujaa na utulivu wake, sifa ile ile ya utulivu aliyopewa na magazeti ya soka miaka tisa awali.

Miezi miwili baadaye kikosi chake kilirudishwa Ufaransa, Wajerumani wakiwa wameanzisha shambulizi kubwa. Machi 25, 1918 Tull alipigwa risasi na kufa karibu na kijiji cha Favreuil, akiwa na umri wa miaka 29. Baadhi ya askari wake walihatarisha maisha wakijaribu kuuondoa mwili wake mbele ya bunduki za adui, wakashindwa. Haukupatikana tena. Jina lake limechongwa katika mnara wa Arras pamoja na mengine karibu 35,000 ya wasio na makaburi yanayojulikana.

Ni katika miaka ya 1990 ambapo watafiti walianza kuifufua habari yake. Mnamo 2021 aliingizwa katika orodha ya magwiji wa soka ya Uingereza. Kabla ya hapo, mnamo 1999, Northampton ilimjengea bustani ya kumbukumbu nje ya uwanja wake wa Sixfields, na barabara inayopita hapo ikapewa jina lake. Mashabiki waendao kuitazama timu aliyoichezea hupita kwanza kwenye barabara ya Walter Tull.