Buda Aliyechekwa kwa Mfupa: Stori ya Louis Leakey na Konokono wa Songhor

Msee wa Sisibo, wikendi ukikosa fom, skia hii. Toka Eldoret, pitia Kapsabet na Nandi Hills, kisha uteremke kuelekea Chemelil. Utafika Songhor. Ukisonga mbele kupita Muhoroni, kuna Koru. Wewe utaona miwa na vumbi tu. Lakini kwa hayo mawe kuna konokono wa nchi kavu waliodedi karibu miaka milioni 20 iliyopita, na magamba yao bado unayatambua.

Walibaki aje? Kitambo hizo sides za Tinderet zilikuwa volkano moto. Majivu yenye chokaa nyingi yalifunika msitu, na chokaa ikatunza mifupa, mbegu na magamba.

Mmoja wa watu waliofanya hizi sehemu zijulikane ni Louis Leakey. Alizaliwa Kabete, tarehe 7 Agosti 1903, mtoto wa wamishenari. Usidhani alikuwa mzungu wa kukaa ndani ya nyumba. Alikua na vijana wa Kikuyu, akaongea lugha yao, akapitia jando na rika lake. Akiwa bado mtoi alikuwa anaokota mawe ya kale yaliyochongwa. Baadaye akaenda kusoma Cambridge.

Sasa ngori ikaanza. Mwaka 1932, huko Kanam upande wa Homa Bay, Juma Gitau wa timu yake alipata kipande cha taya. Leakey akatangazia dunia kuwa ni ya binadamu wa kale sana. Mwaka 1935 mtaalamu wa miamba, Percy Boswell, alikuja kuhakikisha. Leakey akashindwa kumwonyesha mahali penyewe! Vigingi vya chuma alivyoweka vilikuwa vimebebwa, na picha hazikusaidia. Boswell alimwanika kwa jarida la Nature. Ongeza skendo ya kumwacha mke wake Frida akiwa na mtoto mchanga, akamuoa Mary Nicol mwaka 1936, ujue jina lilikuwa limechafuka mbaya.

Wengi wangezima simu. Yeye alirudi kuchimba. Pale Rusinga, mwaka 1948, Mary alipata fuvu la Proconsul, nyani wa kale wa miaka kama milioni 18. Dunia nzima ikashtuka. Lakini hawakubeba mifupa mikubwa peke yake. Walikusanya pia matunda, wadudu na konokono.

Unauliza konokono ni wa nini? Hapo ndipo utamu uko. Mnyama mkubwa hutembea mbali, lakini konokono hana haraka. Anaishi pale unyevu unamfaa na hapo ndipo anafia. Kwa hivyo gamba lake linakuambia kama mahali palikuwa msitu au nyasi. Mwaka 1963 Bernard Verdcourt alichapisha utafiti wa konokono hao wa Rusinga, Songhor, Koru na kwingineko. Akiwalinganisha na wa leo, wengi walikuwa na ndugu wanaotambaa Afrika mpaka sasa.

Na si Kenya pekee. Huko Canada, mwaka 1852, William Dawson na Charles Lyell walipata konokono wa nchi kavu ndani ya kisiki, kwa miamba ya makaa ya mawe ya Joggins. Huyo ana zaidi ya miaka milioni 300!

Leakey aliendelea kung'ara. Mwaka 1959 Mary alipata fuvu la Zinj pale Olduvai, Tanzania, siku Louis alikuwa amelala mgonjwa kambini. Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru.

Ona sasa: mfupa wa Kanam ulimuaibisha kwa sababu mahali ulipotoka palipotea. Konokono mdogo ana maana kwa sababu mahali pake panajulikana. Kwa hivyo siku ukiokota gamba la jiwe huko Songhor, usilitie mfukoni ukaringe nalo mtaani. Piga picha, liache hapo hapo, uite watu wa makumbusho. Ukilihamisha, umefuta stori yote.