Michael Faraday, Fundi wa Kujalidi Vitabu

Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791 karibu na London, katika nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi, tena mwenye afya dhaifu, na mara nyingi chakula kilikuwa haba nyumbani. Michael hakukaa sana shuleni. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alipelekwa kwa Bwana Riebau, muuza vitabu, ajifunze kujalidi, yaani kushona vitabu na kuvitia majalada. Mafunzo yalikuwa ya miaka 7, na bwana yule hakumtoza ada.

Siku zile vitabu vingi vilitoka kwa mpiga chapa hali ni karatasi zisizoshonwa. Fundi alizikunja, akazipiga kwa nyundo nzito hata zikalala sawasawa, kisha akazishona fungu kwa fungu juu ya kamba zilizokazwa katika kiunzi. Ncha za kamba zilipitishwa katika majalada, ndipo ngozi ikavikwa juu yake. Kwa hiyo kurasa na jalada vilishikana kama viungo vya mwili mmoja. Siku hizi vitabu vingi havishonwi. Migongo yake hukatwa na kupakwa gundi tu, ndiyo sababu kurasa zake huchopoka upesi. Bila shaka umekwisha kuviona.

Faraday alivisoma vile alivyovijalidi. Katika kimoja aliona habari za umeme, akanunua vitu vichache kwa senti zake, akaunda mtambo mdogo.

Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa nafasi ya kusikiliza hotuba 4 za Humphry Davy, bingwa wa kemia, katika Royal Institution. Kijana akaandika yote, akachora na vyombo, akajalidi kurasa zake kwa mkono wake, akampelekea Davy na kumwomba kazi. Nadhani mashono yale yalimsemea kuliko barua yake. Davy alimwita, lakini nafasi haikuwapo, akamshauri asiache ufundi wake, kwa maana elimu haina ujira mkubwa. Muda mfupi baadaye msaidizi mmoja alifukuzwa, na mwezi wa Machi 1813 Faraday akaajiriwa kwa shilingi 25 kwa juma.

Mwaka 1831 alivumbua ya kuwa sumaku ikitembezwa ndani ya waya uliozungushwa huleta umeme. Mitambo mikubwa ya umeme hufanya kazi kwa njia hiyo hata leo. Alikufa mwaka 1867. Kile kitabu cha hotuba za Davy kingali kimehifadhiwa katika Royal Institution.