Gustave Doré, mutu aliyechora woga wa watoto

Wazazi wengi wa kambi zetu wanajua hadithi ya Petit Poucet. Kama hawakuisoma wenyewe ku masomo, basi waliisikia kwa watoto wao. Mukata kuni na bibi yake wako na watoto saba, wote wanaume. Njala kubwa inaingia katika inchi. Usiku moja baba anamwambia mama kama chakula kimekwisha kabisa, na kuliko kuwaangalia watoto wakikufa na njala mbele ya macho, afazali kuwapeleka katika pori na kuwaacha kule. Ule mudogo kuliko wote anajificha chini ya kiti, anasikia yote.

Mwenye kuandika ile hadithi ni Charles Perrault, na ilitoka ku Paris katika kitabu mwaka wa 1697. Picha zake za kwanza zilikuwa tupicha tudogo tu, juu ya ukurasa, sawa mapambo. Wachoraji wengi waliokuja nyuma walifuata njia ile ile: watu wadogo, nguo nzuri, kintu cha kuchekesha watoto kidogo. Kisha, mwaka wa 1862, watu wa Paris waliona kitabu kipya cha Perrault, kikubwa sana, chenye picha karibu 40 za kujaza ukurasa muzima. Giza la pori lilikuwa giza la kweli. Aliyezichora alikuwa kijana wa miaka 30, jina lake Gustave Doré.

Alizaliwa ku Strasbourg, tarehe 6 Januari 1832. Baba yake alikuwa enjenia wa serikali kwa kazi ya barabara na madaraja, na kazi ilimuhamisha mpaka ku muji wa Bourg-en-Bresse. Pale mutoto alikomalia. Alikuwa anachora kila pahali, hata pembeni ya madaftari ya masomo. Baba hakufurahi. Alitaka mutoto wake aingie ku masomo makubwa, awe enjenia sawa yeye. Ni baba gani hataki hivyo?

Mwaka wa 1847 walimupeleka Paris kutembea. Wanasimulia kama aliona picha za kuchekesha ku dirisha la duka moja, na kesho yake akasema anagonjwa ili wazazi watoke bila yeye. Walipotoka, alichora mbio mbio picha kadiri, akakimbia nazo ku lile duka la Charles Philipon, mwenye kutosha magazeti ya kuchekesha. Philipon aliangalia picha, akaangalia mutoto wa miaka 15, akaita wazazi. Waliandika kontra ya miaka mitatu: mutoto ataendelea kusoma, lakini kila juma ataleta picha kwa gazeti. Baba alikubali. Mwaka wa 1849 ule baba akafa, na tangu pale kalamu ya Gustave ndiyo ilisaidia nyumba. Alibaki na mama yake maisha yote. Hakuoa.

Alikuwa mutu wa kazi sana. Kila siku alichora kwa vitabu vya watu wengine, lakini alitamani kintu kikubwa kuliko ile. Alitaka kutia picha katika vitabu vya zamani vyote vinavyojulikana, na ukurasa uwe mukubwa. Alianza na kitabu cha Dante juu ya safari ya kushuka katika moto wa milele. Mwenye kuchapisha, Louis Hachette, aliogopa hasara na hakutaka kutia feza yake. Doré alitia yake mwenyewe. Kitabu kilitoka mwaka wa 1861 na watu wakakinunua mbio, Hachette akaona kama alidanganyika. Nyuma ya pale kila mutu alitaka picha za Doré. Ni hapo mwenye kuchapisha mwengine, Hetzel, alimupa hadithi za Perrault.

Tuangalie namna alizichora. Petit Chaperon Rouge anakutana na mbwa wa mwitu njiani: mbwa anatugeuzia mugongo, mukubwa sawa ng'ombe mudogo, na mutoto anainua macho kumuangalia. Hatuoni meno. Tunaona tu macho ya mutoto. Katika picha ingine wote wawili wako katika kitanda, mbwa amevaa kofia ya nyanya, na mutoto anavuta shuka polepole kwa kifua chake. Amekwisha kuelewa, lakini hajalia bado. Ku masomo watoto wetu wanaambiwa kama muwindaji anakuja kumuokoa. Ile ni hadithi ya Wadeutsch, ya ndugu wawili Grimm. Katika Perrault hakuna muwindaji, mutoto analiwa na hadithi inaisha.

Na Petit Poucet? Wanapita katika pori kwa mustari, wazazi mbele, miti mirefu inafunga mbingu, na ka mwisho kanabaki nyuma kudondosha tumawe tweupe. Halafu zimwi, usiku, na kisu mukononi, anainama juu ya watoto wake mwenyewe wenye kulala, anafikiri ni watoto wa wengine. Macho yake yanatoka inje. Juu ya kitanda kuna mifupa ya ndege ambayo wale wasichana walikuwa wanatafuna mbele ya kulala. Wakubwa wengi walisema, na wako wenye kusema mpaka leo, kama picha za namna ile si za watoto. Mimi sikubali. Mutoto ambaye amesikia baba na mama wakiongea usiku juu ya feza iliyokwisha, yeye anajua ule woga mbele ya kufungua kitabu. Doré hakumudanganya, basi.

Sasa kuna jambo wafanyakazi wa mukuba watapenda kujua. Picha hizi hazikutoka ku mukono wa Doré peke yake. Wakati ule picha ya kitabu ilichongwa juu ya muti mugumu sana unaoitwa buis. Muti wenyewe ni mwembamba, kwa hiyo waliunga vipande vingi kufanya kibao kimoja, wakakilainisha mpaka kikawa sawa kioo. Doré alichora moja kwa moja juu ya kibao, na burashi, na maji ya wino mweusi na rangi nyeupe. Kisha mutu mwengine alikamata kibao na kachuma kenye ncha kali. Kila pahali pa kuwa peupe alipachimba, na kila pahali pa kuwa peusi alipaacha juu. Doré hakumuachia mistari ya kufuata, aliacha tu giza na mwangaza sawa moshi, na mustari ilikuwa kazi ya muchongaji kuutafuta. Siku na siku, uso karibu ya kibao. Akikosea mara moja, hakuna kurudisha. Na akimaliza, picha ya kwanza ya Doré haiko tena, imekufa chini ya chuma.

Mbele ya kuchapisha vitabu vingi, walikamata umbo la kibao katika nta, wakalitia katika maji ya dawa, wakapitisha umeme, na mukuba ulikuja kujishika pale pole pole mpaka ukafanya sahani. Watu wa elektrolize wamekwisha kuelewa. Ilikuwa ni kazi yao ile ile, na ni ile sahani ya mukuba iliyogusa karatasi, si muti.

Wachongaji wazuri walikuwa Pisan, Mufaransa, na Pannemaker, Mubelgiji wa Brussels. Angalieni chini ya picha za Doré: mara nyingi kuna majina mawili, upande huu muchoraji, upande ule muchongaji. Watu wanasoma moja tu.

Lakini Doré mwenyewe hakutosheka. Alichora Don Quichotte, alichora Biblia mwaka wa 1866, na vitabu vyake vilienda katika luga nyingi. Kumbe alitaka watu wamuheshimu kwa picha za rangi, zile za kutundika ku ukuta. Alifanya picha kubwa kupita nyumba, moja ya Yesu akitoka mbele ya Pilato, yenye urefu wa metre karibu 9, iko leo ku Strasbourg. Wakubwa wa sanaa ya Paris waliicheka kazi yake: yeye ni mutu wa vitabu, abaki katika vitabu. Ku London, kinyume, walimufungulia nyumba nzima ya kuonyesha picha zake, na watu walilipa kuingia.

Ni kule London aliona tena wale watoto wa pori. Alizunguka katika kartie za maskini na rafiki mwandikaji, Blanchard Jerrold, na kitabu chao kilitoka mwaka wa 1872 na picha 180. Nyumba zenye kubanana chini ya njia ya reli, watu wenye kulala juu ya daraja, wafungwa wenye kuzunguka katika kiwanja cha gereza. Wazungu wamoja walikasirika, walisema anapenda sana kuonyesha umaskini. Lakini ile picha ya gereza, Van Gogh aliichora tena kwa rangi mwaka wa 1890.

Vita ya 1870 ilikuwa imemukamatia muji wake wa kuzaliwa, Strasbourg ikawa ya Wadeutsch. Mwaka wa 1881 mama yake alikufa, na pale nguvu zikapunguka. Alikuwa amelala katika chumba cha karibu na mama. Tarehe 23 Januari 1883 moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 51, na kazi ya Shakespeare aliyoiota haikumalizika.

Kazi yake ya mwisho kubwa haikuwa ya kitabu. Alitengeneza sanamu ya Alexandre Dumas kwa kiwanja kimoja cha Paris, na hakuomba malipo. Waliifungua ku Novemba ya mwaka ule ule, yeye amekwisha kuzikwa. Dumas anakaa juu. Mbele, chini ya miguu yake, Doré alitia watu watatu juu ya kitabu kimoja: msichana, mwanafunzi, na mutu wa kazi.