Milan Mladenović: Mtunzi wa Miji Mitatu

Jina la Milan Mladenović halijazoeleka miongoni mwa wapenzi wa muziki Afrika Mashariki. Katika nchi zilizotokana na Yugoslavia ya zamani, hata hivyo, ni wachache wasiolitambua.

Alizaliwa Zagreb tarehe 21 Septemba 1958. Baba yake, Mserbia, alikuwa afisa wa jeshi la Yugoslavia; mama yake alitoka Makarska, katika pwani ya Kroatia. Alipokuwa na umri wa miaka sita familia ilihamia Sarajevo, na alipotimiza kumi na miwili ikahamia Belgrade, alikoishi hadi kufa kwake. Wakati huo lugha ya miji hiyo mitatu ilijulikana kwa jina moja, Kiserbokroatia. Leo ina majina manne, na bado nyimbo zake husikika kotekote bila mkalimani.

Mnamo 1980 alishirikiana na Dušan Kojić na Ivica Vdović kuunda Šarlo akrobata. Bendi hiyo haikudumu sana, na albamu yake ilikuwa moja tu, ya 1981, lakini athari yake kwa roki ya Yugoslavia ilikuwa kubwa kuliko umri wake. Mwaka 1982 Mladenović alianzisha Katarina II pamoja na Dragomir Mihajlović. Baada ya Mihajlović kuondoka, bendi ikaitwa Ekatarina Velika, au EKV kwa kifupi. Nguzo yake ya pili ilikuwa Margita Stefanović, mpiga kinanda aliyesomea pia usanifu wa majengo. Pasipo kinanda chake, pengine mashairi ya Mladenović yangebaki makavu.

Mashairi hayo ni ya mjini: usiku, upepo, watu wanaopitana barabarani. Hayahubiri. Wimbo Zemlja, uliomo katika albamu Ljubav ya 1987, unaisawiri nchi kama makao ya watu wote. Miaka minne baadaye nchi yenyewe ilianza kusambaratika kwa vita. Albamu ya 1989, Samo par godina za nas, ilibeba katika jina lake dhana ya miaka michache tu iliyobaki, na wasikilizaji wengi wameisoma kama ubashiri. Huenda wanamzidishia. Mtunzi wa mapenzi na upweke halazimiki kuwa mtabiri.

Msimamo wake haukuhitaji kubashiriwa, kwani aliutangaza hadharani. Vita vilipokuwa vimeshaikumba Kroatia, wanamuziki wa EKV, Električni orgazam na Partibrejkers waliungana kwa jina la Rimtutituki. Jina hilo ni tusi lililofichwa kwa kugeuza silabi, mchezo ambao wazungumzaji wa Kiswahili wangeutambua mara moja kuwa ni kinyume. Tarehe 8 Machi 1992 walipanda lori, wakazunguka katika barabara za Belgrade wakiimba wimbo wa kupinga vita. Mwezi uliofuata vita vilizuka Bosnia, na Sarajevo, mji wa utoto wa Mladenović, ukazingirwa. Mwaka 1993 EKV walipiga muziki Prague na Berlin pamoja na Vještice, bendi ya Zagreb. Vijana wa miji miwili iliyokuwa imetenganishwa na vita walilazimika kwenda ugenini ili wakutane.

Mwaka 1994 alikwenda Brazili kwa mwanamuziki mwenzake, Mitar Subotić, aliyekuwa akiishi huko. Pamoja na wanamuziki wenyeji walirekodi Angel's Breath, kazi yenye ngoma za Kibrazili ambazo hazikuwahi kusikika katika EKV. Ilikuwa njia mpya, lakini hakupata muda wa kuifuata. Aliporejea alishiriki katika maonyesho machache, ya mwisho yakiwa Budva mwezi Agosti, kisha akalazwa hospitalini. Saratani ya kongosho ilimuua Belgrade tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na umri wa miaka 36. Siku hiyo Sarajevo ilikuwa bado imezingirwa.

EKV haikuendelea bila yeye. Vdović alikuwa ametangulia mwaka 1992. Bojan Pečar, aliyepiga gitaa la besi, alifariki London mwaka 1998, naye Margita Stefanović akafariki mwaka 2002. Mwaka 2006 wasikilizaji wa redio B92 ya Belgrade waliuchagua wimbo wake Par godina za nas kuwa bora kuliko nyimbo zote za nyumbani.