Rudolf Diesel, baba wa moteri ya mazutu ambaye joto lilimwekea mpaka

Treni inayopita Nyunzu kati ya Kabalo na Kalemie inavutwa na moteri ya mazutu. Malori mengi yanayobeba mahindi na muhogo nayo yanatumia moteri ya aina hiyo. Aliyeibuni ni Mjerumani Rudolf Diesel, aliyefariki mwaka 1913. Maisha yake ya kazi yalikuwa mvutano na adui mmoja: joto.

Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858, wazazi wake wakiwa wenye asili ya Bavaria. Vita vya mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prussia viliifukuza familia hadi London. Kijana huyo wa miaka 12 akatumwa kwa jamaa huko Augsburg ili aendelee na masomo. Baadaye aliingia chuo cha ufundi cha Munich, ambako alifundishwa na Carl von Linde, bingwa wa mashine za kutengeneza barafu. Huko alijifunza jambo lililomsumbua: mashine za mvuke za wakati ule zilipoteza karibu joto lote la makaa ya mawe. Mara nyingi hata asilimia 10 haikugeuka kuwa kazi.

Mwaka 1892 aliomba hati ya kulinda wazo lake. Alitaka hewa ibanwe kwa nguvu ndani ya silinda hadi ipate moto wa kuwasha mafuta yenyewe, bila cheche. Kwa hesabu zake za karatasini, moteri hiyo ingeweza kutumia zaidi ya asilimia 70 ya joto.

Mashine ya kwanza ilijaribiwa Augsburg mwezi Agosti 1893. Haikuwa na maji ya kuipoza, kwa sababu Diesel aliona kwamba joto linaloingia kwenye maji ni hasara. Katika jaribio hilo mafuta yaliwaka kwa mshindo na kupasua kifaa cha kupimia. Mashine ikafumuliwa na kuundwa upya, safari hii silinda ikizungushiwa maji. Mvumbuzi alilazimika kukubali kwamba chuma kina mpaka wake.

Tarehe 17 Februari 1897, Profesa Moritz Schröter aliipima rasmi moteri mpya na kupata asilimia 26. Ilikuwa mbali na ndoto ya mwanzo, lakini iliipita mashine ya mvuke zaidi ya mara mbili.

Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, moteri ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Mwaka 1938, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala Kongo, basi moja lilisafiri kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta yaliyotokana na mawese.

Diesel hakuiona safari hiyo ya basi. Alipata utajiri, kisha ukapotea, na afya yake ikadhoofika. Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alikuwa ndani ya meli Dresden, akitoka Antwerp kwenda Uingereza. Asubuhi hakuonekana. Siku kadhaa baadaye maiti iliokotwa baharini, na mwanawe akavitambua vitu vilivyokutwa mfukoni. Wengi wanaamini madeni yalimlemea akajitoa uhai. Wengine walishuku kwamba aliuawa.

Mpaka uliomsimamisha Augsburg bado upo, hata kwenye magari ya bei kali yanayotumia esansi. Katika mashindano ya magari mawili kukimbizana mita 402 za barabara iliyonyooka, gari lililotoka kukimbia mara nyingi hupoteza nguvu likirudia mbio papo hapo. Hewa ya moto ni nyepesi na ina oksijeni kidogo, na esansi huweza kuwaka kabla ya wakati. Vipimo vya umeme vikihisi hatari hiyo, kompyuta ya gari huchelewesha cheche na kupunguza hewa inayosukumwa na turbo. Dereva anakanyaga hadi mwisho, lakini kompyuta inamkatalia. Ndiyo maana wengine hufungua boneti na kuweka barafu juu ya moteri kabla ya kurudi mstarini.

Kompyuta hiyo inamnyima dereva mwendo, lakini inaokoa moteri. Lori la zamani lililolemewa na mzigo kwenye mlima halina mlinzi wa namna hiyo. Linamtegemea shofa anayetazama mshale wa joto, na maji yaliyomo kwenye radieta.